Hatari ya kuvuta umeme kiholela hadi karakana ya uani

WENYE karakana nyuma ya nyumba, wawe maseremala au mafundi wa kuchomelea vyuma, aghalabu huanza kazi kwa waya uliopitishwa dirishani kutoka sebuleni na maji ya kutekwa kwa ndoo. Mpango huo hufaa kwa taa moja na redio. Mashine zikiongezeka, huwa tishio kwa maisha.

Soketi ya kawaida humu nchini imeundwa kubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wa volti 240. Mashine ya kuchomelea inayohitaji wati 5,000 huvuta karibu ampea 21. Waya mwembamba ukitwikwa mzigo huo hupata moto, hasa ukiwa ungali umeviringwa, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Palipo na vumbi la mbao, cheche moja yatosha kuteketeza karakana pamoja na nyumba.

Njia ifaayo ni kutoa kebo maalumu kwenye kisanduku kikuu cha fyuzi cha nyumba hadi kisanduku kidogo ndani ya karakana, chenye swichi yake kuu. Kebo hiyo, iliyokingwa kwa nyaya za chuma, hufukiwa kina ambacho jembe haliwezi kuifikia.

Umbali nao una athari, japo wengi hawaufikirii. Kebo ya shaba ya milimita mraba 2.5, yenye urefu wa mita 40, hupoteza volti 14 hivi ikibeba ampea 20. Mota ya msumeno hutatizika kuanza, ikavuta umeme mwingi zaidi na hatimaye kuungua; naye mwenyewe akamlaumu aliyemuuzia! Kebo ya milimita mraba 6 hupoteza chini ya volti 6. Bei yake ni ya juu, lakini mota mpya ni ghali zaidi.

Palipo na maji, sakafu hulowa, na mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi. Ndiposa kisanduku cha karakana kinahitaji kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30, pamoja na waya wa ardhini uliofungwa imara.

Kazi hii si ya kubahatisha. Kisheria, hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ambaye hukagua na kutoa cheti amalizapo. Anayehitaji umeme wa fezi tatu hana budi kutuma ombi kwa Kenya Power.

Kwa upande wa maji, bomba la nusu inchi lenye vali yake hutosha, mradi mtaro wake utengane na wa kebo. Tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya mfereji hutoa mgandamizo wa baa 0.3 pekee, unaotosha kunawa na kusuuza vifaa.

Linalosahaulika ni maji machafu. Mafuta ya mashine na rangi yakimwagwa katika tangi la majitaka la nyumba huua bakteria wanaoozesha uchafu, na tangi hujaa kabla ya wakati wake. Hayo hukusanywa katika mtungi wenye kifuniko, kando na sinki.