Samuye: Kituo cha njiani kinachotawaliwa na saa

SAMUYE ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, kando ya barabara ya lami itokayo Tinde kwenda Shinyanga mjini. Abiria wengi wa mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza huipita bila hata kuijua jina. Kwa mama mwenye meza ya matunda au birika la chai kandokando ya barabara hiyo, swali si dogo: kwa nini basi lenye abiria zaidi ya 50 lisisimame mbele yake?

Jibu la kwanza ni saa. Basi liondokalo Mwanza saa 12 asubuhi hufika Shinyanga, umbali wa kilomita zipatazo 160, karibu saa 3. Wakati huo abiria hajaona njaa. Atakula Singida, mchana. Litokalo Dar es Salaam alfajiri hiyo hiyo hulikuta eneo hili usiku, baada ya takriban kilomita 1,000, na abiria hana hamu tena ila ya kufika.

Jibu la pili ni Tinde. Pale magari ya Kahama, Isaka na mpaka wa Rwanda huachana na yale ya Shinyanga na Mwanza. Malori ya mizigo ya nchi jirani na magari mengi ya migodi ya dhahabu ya Kahama hukata kona hapo, hivyo hayaigusi Samuye. Njia panda hula sahani mbili. Kijiji cha upande mmoja hula moja.

Lipo pia suala la choo, ambalo wakubwa huona haya kulitaja. Mamlaka zimepiga marufuku mara kadhaa abiria kushushwa porini "kuchimba dawa". Kwa hiyo basi hutafuta mahali penye vyoo vingi, maji na ukumbi wa chakula, na mtaji wa namna hiyo hauko kwenye meza ya ndizi.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo la miaka mingi. Abiria walifurahi, na kwa haki. Lakini basi lipitalo saa 8 usiku halimkuti muuzaji yeyote.

Wanaobaki ni wenye magari binafsi, ambao hawana ratiba. Hao waulizie michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, au matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Wasukuma hujiwekea vyakula hivyo kwa ajili ya kiangazi. Havichachi garini, na hupikwa vizuri kwa karanga.