Kupima Kipozajoto cha Kompyuta: Somo la Upimaji wa Haki

Upimaji wa haki ni ule ambao ndani yake jambo moja tu hubadilishwa, na mengine yote hubaki kama yalivyokuwa. Kanuni hii ni nyepesi inapoandikwa ubaoni; ugumu wake huonekana mikono inapoanza kazi. Hapa twaieleza kwa kifaa ambacho mwalimu huenda akakikuta shuleni kwake, yaani kompyuta.

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hutoa joto kila ifanyapo kazi. Juu yake hukaa kipozajoto: vibati vyembamba vya alumini vipokeavyo joto hilo, na feni ya kulipeperusha. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi, na hatimaye mashine huweza kujizima. Feni nayo ikivuma mno, hushindana na sauti ya mwalimu. Ndipo muuzaji hujitokeza na kipozajoto kingine, akidai kuwa kinapoza zaidi na hakipigi kelele. Kwa kuwa fedha za shule ni chache, yafaa kinunuliwe kimoja tu, kipimwe, kabla ya kununuliwa vya mashine zote.

Joto

Tuchukue mfano wa shule iliyoko Issuna, mkoani Singida, mwezi wa Julai. Asubuhi chumba kina nyuzi 16 za Selsiasi. Prosesa yenye kipozajoto cha zamani, baada ya kufanyishwa kazi nzito kwa dakika 30, yafika nyuzi 58. Alasiri chumba kina nyuzi 27; kwa kipozajoto kipya na kazi ile ile, prosesa yafika nyuzi 66. Mwanafunzi atasema kwamba cha zamani ni bora. Lakini kipozajoto cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumba. Hivyo yatupasa kutoa: 58 kutoa 16 ni 42, 66 kutoa 27 ni 39. Kipya kimeshinda kwa nyuzi 3.

Tena, kiangazi upepo hujaza vumbi kati ya vibati. Anayelinganisha kipozajoto kilichojaa vumbi na kipya kilicho safi hupima vumbi, hapimi kipozajoto. Cha zamani kisafishwe kwanza, na vyote viwili vifungwe kwa pesti mpya ya kupitisha joto.

Kelele

Simu yenye programu ya kupima desibeli hutosha kwa kulinganisha, mradi ikae umbali ule ule, tuseme sentimita 50, na madirisha yafungwe. Ipimwe kwanza kelele ya chumba mashine ikiwa imezimwa. Ikumbukwe pia kwamba feni ikiongezwa kasi hupoza zaidi na huvuma zaidi. Kwa hiyo mwendo wa feni urekebishwe hadi vipozajoto vyote viwili vitoe kelele sawa, ndipo joto lilinganishwe.

Funzo kwa mwalimu

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Aliposema hivyo, alichekwa. Baadaye Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikubali kulipima jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita 1 tu kwaweza kuleta matokeo ya namna hiyo. Hapana budi, basi, swali la mtoto lipimwe badala ya kuchekwa, na kipimo chenyewe nacho kichunguzwe.

Darasani, wanafunzi watabiri kwanza, wapime mara 3, kisha wajaze jedwali. Kuchomoa waya wa umeme na kufungua mashine ni kazi ya mwalimu peke yake. Pasipokuwa na kompyuta, mtungi wa udongo na ndoo ya plastiki, vyenye maji sawa na vilivyowekwa kivulini pamoja, vitafundisha kanuni ile ile.