Tairi la theluji halifai matope ya Umalila

MVUA zinapoanza mwezi Novemba katika mikoa ya Mbeya na Iringa, gunia la viazi lililoko shambani na lile lililoko sokoni huwa na bei mbili zilizo mbali sana. Kinachozitenganisha ni kilometa chache za matope na miteremko. Mwenye gari linalopita ndiye anayeuza. Mwenye gari lililonasa hulipa trekta la kumvuta, hulipa vibarua wa kushusha na kupakia upya, na mara nyingine hufika sokoni viazi vikiwa vimeanza kuoza.

Ndiyo maana mwanzo wa msimu wa mvua ndio wakati wa wenye Canter, Fuso na pikapu kubadili matairi. Wengi wao huenda kwenye matairi ya mitumba, na huko hukutana na tairi linalovutia macho: kashata nene, mpira laini, na ubavuni limeandikwa “STUDLESS” au lina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati.

Kwa haraka, mnunuzi husema tairi lililotengenezwa kwa ajili ya theluji haliwezi kushindwa na matope. Hapo ndipo hasara huanzia.

Tairi hilo lilitengenezwa kwa kazi gani

Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na tairi lililokakamaa huteleza. Nchi zenye majira ya baridi kali hutumia tairi la mpira laini zaidi, ambao hubaki laini hata maji yanapoganda. Juu ya kashata zake kuna mipasuo mingi myembamba kama iliyokatwa kwa wembe, nayo hung’ata theluji na barafu.

Huko Japan, ambako magari mengi ya mitumba yaliyopo nchini yametoka, zamani yalitumika matairi yenye misumari. Misumari hiyo ilichimba lami na kutoa vumbi lililodhuru watu, hadi mwaka 1990 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuyazuia. Yaliyochukua nafasi yake ni haya yasiyo na misumari, na hiyo ndiyo maana ya neno “STUDLESS”.

Tairi la namna hiyo likiwa jipya huwa na kashata ndefu kuliko tairi la kawaida, na ndani ya mifereji yake kuna alama ya nusu. Kashata zikiisha hadi kwenye alama hiyo, Wajapani hulihesabu kuwa halifai tena kwa theluji, hata kama bado linaonekana zima. Kwa hiyo unene wa kashata unaomfurahisha mnunuzi wa Mbeya unaweza kuwa ni wa tairi ambalo mwenyewe wa kwanza aliliacha kwa sababu limekwisha kwa kazi yake.

Baridi na matope havikutani

Ni kweli kwamba Nyanda za Juu Kusini zina baridi. Tambarare ya Kitulo hupata jalidi, ule umande ulioganda unaounguza majani ya viazi. Lakini jalidi huja kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu na zenye vumbi. Matope huja kati ya Novemba na Aprili au Mei, wakati ambao hali ya hewa ni ya joto zaidi.

Kwa maneno mengine, siku ambazo tairi la theluji lingefurahia ubaridi hakuna utelezi, na siku za utelezi hakuna baridi ya kulifanya lifanye kazi yake. Mipasuo yake myembamba hujaa udongo mara moja. Tairi lote hugeuka kama limepakwa sabuni.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye lami. Mzigo wa Mbeya hauishii Mbeya. Husafiri zaidi ya kilometa 800 hadi Dar es Salaam, ukiteremka Kitonga mkoani Iringa na kuingia kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, Mikumi na Morogoro. Mwingine hushuka Kyela. Katika joto hilo mpira laini huisha haraka, hulegea kwenye kona, na gari huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kusimama. Kwenye mteremko wa Kitonga, gari likiwa limejaa, hilo si jambo la kujaribu.

Tofauti ya M+S na alama ya theluji

Mnunuzi asichanganye alama mbili. Herufi M+S maana yake ni matope na theluji, na mtengenezaji huziweka kwa kuangalia umbo la kashata. Matairi mengi mazuri ya pikapu yana herufi hizo na yanafaa kabisa hapa. Mchoro wa mlima na chembe ya theluji, ulioanza kutumika mwaka 1999, ndio unaoonyesha kuwa tairi limepimwa kwenye theluji yenyewe. Yapo machache ya nusu kwa nusu yenye mchoro huo, lakini tairi lenye mchoro, mpira laini unaobonyea kwa kucha na mipasuo mingi ya wembe ni la baridi. Liachwe.

Aina tatu za kulinganisha

Kwa gari dogo na pikapu, uchaguzi ni kati ya aina tatu.

La kwanza ni tairi la barabara, lenye mifereji membamba. Linadumu, halili mafuta, na linashika lami vizuri hata ikiwa na maji. Linamfaa mfanyabiashara anayechukua mzigo Uyole, Mafinga au Makambako kando ya barabara kuu.

La pili ni la nusu kwa nusu, ambalo ubavuni huandikwa A/T. Kashata zake zimeachana kiasi cha kutema udongo, na bado linatulia kwenye lami. Kwa mtu anayeingia vijijini mara mbili tatu kwa wiki na kurudi mjini, hili ndilo linaloleta hesabu nzuri.

La tatu ni la matope, M/T, lenye vipande vikubwa vilivyoachana sana. Linapita pabaya, lakini kwenye lami lina kelele, linakula mafuta zaidi, na lami ikilowa linashika kidogo. Linamfaa mwenye gari linaloishi shambani.

Kwa malori, utaratibu wa kawaida ni tairi la mistari iliyonyooka mbele, kwa ajili ya usukani, na lenye vipande vikubwa nyuma, kwa ajili ya kusukuma.

Udongo nao uangaliwe. Udongo mweusi wa mbuga kule Usangu, kwenye mpunga, hunata na kujaza kashata zozote zilizobanana. Udongo mwekundu wa Mufindi na Kilolo huteleza juu huku chini ukiwa mgumu, hivyo kashata zenye kingo kali husaidia. Udongo wa majivu ya volkano wa Uporoto na Rungwe ni mwepesi na huchimbika, na anayekanyaga mafuta kwa pupa hujizika mwenyewe.

Hesabu ya kilometa

Bei ya tairi haiko kwenye risiti peke yake. Igawanywe kwa kilometa ambazo tairi litatembea.

Tuchukue mfano: tairi la mtumba linauzwa Sh80,000 na linatembea kilometa 10,000. Hiyo ni Sh8 kwa kilometa. Jipya linauzwa Sh240,000 na linatembea kilometa 40,000. Hiyo ni Sh6 kwa kilometa. Kwa matairi manne na kilometa 40,000, mwenye mitumba atakuwa ametumia Sh1,280,000, na mwenye mapya Sh960,000. Tofauti ya Sh320,000 haijahesabu gharama za kufunga mara nne, pancha, wala siku gari lilipolala njiani.

Namba hizo ni za mfano, kila mmoja aweke bei ya dukani kwake. Aidha, anayetembea kilometa 5,000 tu kwa mwaka asinunue tairi la kudumu kilometa 40,000, kwa kuwa mpira utazeeka kabla kashata hazijaisha. Huyo atafute jipya la bei ya chini.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tarakimu 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wenye nyufa ndogo ubavuni umezeeka, hata kama kashata ni nene.

Pili, asome namba ya uzito. Namba 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, na 106 ni kilo 950. Magunia ya lumbesa hayajali namba hiyo, lakini tairi linaijali.

Tatu, upepo. Kupunguza upepo kidogo husaidia tairi kutanuka juu ya matope, lakini ujazwe tena kabla ya kuingia kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hupata moto na kupasuka. Wanaofunga minyororo kwenye tairi za nyuma nao waifungue wakifika lami.

Mkulima asiye na gari

Wakulima wengi hukodi. Lakini viazi vikilala porini, mara nyingi hasara ni ya mwenye viazi, wakati mwenye lori huondoka na nauli aliyolipwa mapema. Kwa hiyo mkulima ana haki ya kuzunguka gari kabla ya kupakia, kuangalia tairi za nyuma kama ni vipara, kuuliza kama kuna tairi la spea, na kukubaliana kwamba sehemu ya nauli italipwa mzigo ukifika.

Wakulima watano wa kijiji kimoja wakikodi pamoja lori moja lenye matairi mazuri, hata kwa nauli iliyozidi kidogo, mzigo wao una nafasi nzuri zaidi ya kufika sokoni ukiwa bado na bei. Wakati wa kutafuta lori hilo ni Oktoba, barabara zikiwa bado kavu na mwenye lori akiwa bado anatafuta wateja.