Kamera na Ncha ya Shuka

Punje ya kahawa haikunjiki. Kwa sababu hiyo Moshi, mji ambao tangu enzi za mkoloni umekuwa ukipokea kahawa ya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo ili ikobolewe na kupangwa madaraja, ni mahali pazuri pa kuanza kuzungumzia mashine zenye macho. Katika ukoboaji wa kisasa, kuokota punje mbovu, kazi iliyokuwa ya vidole vya akina mama waliokaa mbele ya meza ndefu, kumekabidhiwa mashine ya kuchambua kwa rangi. Punje zinaporomoka kwenye mifereji, kamera inaikagua kila moja ingali hewani, na ile iliyopiga weusi inasukumwa kando na pumzi fupi ya hewa kabla haijafika chini. Yote hayo hutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Iweke kamera hiyohiyo mbele ya rundo la mashuka yaliyotoka kukamuliwa, nayo haitajua ianzie wapi.

Kitu kigumu, kiwe punje au kreti ya soda, kompyuta hukielewa kwa namba sita tu. Tatu zinasema kiko wapi, tatu zinasema kimeelekea wapi. Ukizipata hizo, mkono wa chuma utakishika bila shida. Shuka halina namba sita. Kila sentimita yake inaweza kupinda upande wake, na ukilitupa kikapuni mara mia litalala kwa namna mia. Tena linajificha lenyewe: ncha unayoitafuta huenda iko chini ya mkunjo wa tatu, imeviringana na foronya isiyohusika. Mfanyakazi wa londri hahitaji kuiona. Anatia mkono kwenye rundo, kidole kinakutana na upindo, anaufuata upindo mpaka mwisho wake, anavuta. Kidole kimefanya kazi ya jicho, na roboti nyingi bado hazina kidole cha namna hiyo.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, wakiwamo Jeremy Maitin-Shepard na Pieter Abbeel, walionyesha roboti ya mikono miwili ikikunja mataulo ambayo haijapata kuyaona. Iliinua taulo, ikalizungusha mbele ya kamera, ikatafuta ncha kwa kulipima umbo kutoka pembe nyingi, kisha ikalikunja mezani. Mataulo 50 kati ya 50 yalikunjika. Video yake ilisambaa duniani kote, lakini ilikuwa imeharakishwa mara 50, kwa maana taulo moja lilichukua kama dakika 24. Mwaka 2022 kundi lingine, nalo lenye watu wa Berkeley, lilifundisha roboti ya mikono miwili kuanza na nguo iliyovurugika na kuimaliza kwa wastani wa chini ya dakika mbili, ikifaulu mara 93 katika kila 100.

Hebu tuzipeleke namba hizo KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Ina vitanda zaidi ya 600. Tuseme ni 600 kamili, kila kimoja mashuka mawili, yabadilishwe mara moja tu: hayo ni mashuka 1,200, kabla hujagusa thieta wala wodi ya wazazi. Roboti ya 2010, hata tukiihurumia na kudhani shuka ni rahisi kama taulo, ingeyakunja kwa siku 20, usiku na mchana bila kupumzika. Ile ya 2022 ingehitaji saa 40. Watu wawili wanaosimama wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha mbili, hulimaliza shuka kabla nusu dakika haijapita, na maongezi yao hayakatiki.

Wapo waliojaribu kuuza ndoto ya mashine ya kukunja nguo majumbani. Kampuni ya Kijapani ya Seven Dreamers ilitengeneza kabati la kukunja nguo lililoitwa Laundroid, ikafilisika mwaka 2019. Sioni ajabu. Kikapu cha nguo za nyumbani kina soksi, sare za shule, fulana na sidiria. Hakuna mashine inayopenda mchanganyiko huo.

Londri kubwa za viwandani ni habari nyingine. Huko kuosha, kukamua, kukausha, kupiga pasi ya rola na hata kukunja kulishakuwa kazi ya mashine miaka mingi iliyopita. Kilichobaki kwa binadamu ni jambo dogo ajabu: kuchomoa nguo moja kutoka kwenye rundo na kuipa mashine ncha. Kuna watu Ulaya ambao zamu yao nzima ni kutafuta ncha. Ni kazi ya joto na ya kusimama, na viwanda vinalalamika kwamba wafanyakazi hawapatikani. Hapo ndipo kamera zimeingia. Kampuni ya Sewts ya Munich, iliyoanzishwa mwaka 2019, imetengeneza mtambo uitwao VELUM: kamera zinalitazama taulo, programu inakisia ncha na kingo zake ziko wapi, mikono ya roboti inalinyoosha na kuliingiza kwenye mashine ya kukunja. Programu kama hiyo hujifunza kwa mifano mingi, na mingine si picha za nguo halisi bali vitambaa vya kubuni vilivyokunjwa ndani ya kompyuta kwa kanuni za fizikia, kwa sababu kompyuta inaweza kulitupa taulo mara milioni bila mtu kuliokota.

Jicho lenyewe lina ujanja wake. Kamera ya kupima kina mara nyingi hutumia lenzi mbili, kama macho yetu, na hulinganisha alama ileile katika picha mbili ili kukokotoa umbali. Shuka jeupe halina alama. Kila sehemu inafanana na jirani yake, na kamera inabaki inababaika. Kwa hiyo huongezewa taa inayomwagia kitambaa madoa madogo ya mwanga, na madoa hayo ndiyo yanayolinganishwa.

Hapo nikawaza khanga. Khanga ingeufurahisha mtambo huo kwa dakika moja, maana imejaa alama za kulinganisha. Halafu ingeuchanganya. Pindo la khanga ni mstari mnene uliochapwa pande zote nne, na khanga ikikunjwa, mstari huo unajitokeza katikati ya rundo ukifanana kabisa na ukingo. Mashine iliyosomeshwa kwa mataulo meupe ya hoteli za Ulaya itaudaka mstari huo ikidhani imepata mwisho wa kitambaa. Haitakuwa imekosea kuona. Itakuwa imesomeshwa shule nyingine.

Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Mitambo hii inafaulu mahali ambapo kitambaa kimetiwa adabu kwanza. Londri nyingi za Ulaya ndizo zinazomiliki mashuka na kuyakodisha kwa hoteli na hospitali, kwa hiyo kila shuka lina upana uleule, uzito uleule, rangi ileile, mara nyingi na kichipu kilichoshonewa kwenye upindo ili lihesabiwe linapopita mlangoni. Hospitali nyingi za mikoani kwetu zina mashuka ya kununua, ya msaada kutoka nchi tatu tofauti, na khanga na vitenge ambavyo ndugu wa mgonjwa amekuja navyo kutoka Uru au Same. Hoteli za watalii za Moshi na Marangu ziko karibu zaidi na hali ya Ulaya, ila hata hizo zina siku ambayo kundi limeshuka Mlima Kilimanjaro na begi za kulalia, makoti na soksi zilizojaa vumbi la volkano, mzigo ambao hakuna roboti iliyouzoea.

Na kuna hesabu ya fedha. Mkono wa roboti hukaa mwisho wa mnyororo mrefu. Kabla yake lazima kuwe na umeme usiokatika, maji moto ya kutosha (mwongozo mmoja wa Marekani kwa nguo za hospitali unataka nyuzi joto 71 kwa dakika 25) na vikaushio vinavyofanya kazi wakati wa masika, pale wingu linapoukalia mlima wiki nzima na kamba za kuanikia hazina faida. Anayeanza na roboti huku mashuka yake bado yanangoja jua ameanzia mwisho.

Lakini ipo kamera moja ambayo ningeitetea leo mbele ya bodi yoyote ya hospitali, nayo haikunji chochote. Londri ya hospitali ina pande mbili, mchafu na safi. Upande mchafu ndiko magunia yanakofunguliwa, na ndani ya shuka lenye damu hujificha sindano, wembe wa upasuaji, mkasi. Anayechambua anatumia macho na vidole vyake, vidole vilevile vyenye kipaji cha kupata upindo. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ya kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa VVU ni karibu asilimia 0.3. Kampuni ya Inwatec ya Denmark imeunganisha roboti zinazoinua nguo chafu moja moja na mashine ya eksirei inayomulika ndani ya mifuko na mikunjo. Ikiona chuma, nguo inatolewa kwenye mstari kabla mtu hajaigusa.

Roboti zile ni ghali, lakini wazo la eksirei halizihitaji. Mtalii anayetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ameshapitisha begi lake kwenye mashine ya aina hiyo, na chuma ndani ya pamba ni rahisi kukiona kuliko ncha ya shuka ndani ya rundo: kigumu, cheusi kwenye kioo, hakibadilishi umbo. Ni tatizo la punje ya kahawa. Gunia lipite kwenye mkanda kabla halijafunguliwa, lenye chuma liwekwe kando, na anayelifungua avae glavu nene na awe amekamilisha dozi zake tatu za chanjo ya homa ya ini.