Matabibu wafundishwe ugonjwa wa kusahau wa wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na wasomaji wenzangu, na hasa viongozi wa afya wa Wilaya za Kibiti na Rufiji, juu ya jambo ambalo limezoeleka mno hata likaonekana si jambo. Nalo ni la wazee wanaopotewa na kumbukumbu, na jibu ambalo jamaa zao huambulia mara nyingi wanapowafikisha kwa mganga: "Huo ni uzee tu, mrudisheni nyumbani."

Jibu hilo si sahihi. Uzee peke yake haumpotezei mtu njia ya kurudi nyumbani kwake. Mzee mwenye afya aweza kusahau alipoweka bakora yake, kisha baadaye akakumbuka. Lakini mama aliyesuka mikeka ya ukindu tangu usichana wake, akifika mahali hajui tena mshono unaanzia wapi, huyo ni mgonjwa. Na mvuvi wa delta aliyezijua nyakati za maji kujaa na kupwa kama anavyojua jina lake, akifika mahali haelewi kwa nini mtumbwi umekwama juu ya tope, huyo naye ni mgonjwa. Ubongo wao umeshikwa na maradhi ambayo wataalamu wanayaita dimensia. Linaloongoza kati ya maradhi hayo ni lile la Alzheimer, lililopewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyelieleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Mengine hutokana na kiharusi na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Ulaya, ambako watu huishi miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, watafiti walikwenda Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuzidi. Waligundua kwamba kiasi cha asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa huo. Yaani katika kila wazee mia, sita hivi. Sioni sababu ya wazee wa Mbwera, Salale au Kiongoroni kuwa salama kuliko wa Hai.

Sasa nieleze kwa nini neno "uzee tu" lina hatari. Madhara yake ni mawili.

La kwanza ni kwamba linaweza kuua mtu ambaye angepona. Si kila mzee anayechanganyikiwa ana dimensia. Mzee ambaye juzi alikuwa na akili zake timamu, na leo anaongea ovyo, hajui mchana na usiku, au amelala tu haamki vizuri, huyo ana ugonjwa wa ghafla na ni wa kuhudumiwa upesi. Yaweza kuwa malaria, nimonia, uambukizo katika njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, au dawa alizokunywa hazikumwafiki. Wapo pia wanaosahau polepole kwa sababu ambayo ina tiba: sonona, kaswende ya siku nyingi, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Mgonjwa wa namna hiyo anayetoka Msala amesafiri kwa mashua akafuatia gari mpaka Kibiti. Akirudishwa kwa neno moja la "uzee", ni vigumu kutumaini kwamba jamaa zake watafanya safari ile mara ya pili.

La pili ni kwamba linaiacha familia gizani, na gizani watu hutafuta maelezo yao wenyewe. Mzee anayetembea usiku, anayesema na watu waliokwisha kufa, anayemtuhumu mkwewe kwamba ameiba fedha zake, huonekana ana mambo. Sote tunajua katika nchi hii bibi kizee akishaonekana ana mambo anaweza kuitwa nani, na wenzake kadhaa katika mikoa mbalimbali wamepoteza maisha kwa jina hilo. Tabibu akiiambia familia waziwazi kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, wala si uchawi wala jeuri, ameokoa heshima ya mzee, na pengine roho yake.

Ndugu Mhariri, nasema haya bila kuwalaumu matabibu wetu. Mganga mfawidhi wa zahanati katika delta ana wajawazito, watoto wenye homa na chanjo za kutoa, na mara nyingi yuko na muuguzi mmoja tu. Mtu hawezi kutambua asichofundishwa. Basi na afundishwe, kwa maana mafunzo yenyewe hayahitaji mashine wala bingwa kutoka nje.

Kwanza, afundishwe kuuliza lini ilianza. Iliyoanza kwa siku chache ni dharura. Iliyoanza kwa miezi au miaka ndiyo ya kufikiria dimensia.

Pili, afundishwe kumuuliza anayeishi na mzee, si mzee peke yake, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi husema hana shida yoyote. Je, bado anapika bila kuunguza? Anahesabu chenji dukani? Anajua njia ya shambani na ya msikitini?

Tatu, afundishwe kipimo kinachowafaa watu wetu. Vipimo vingi vya akili vilivyotoka Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa aandike sentensi au achore umbo. Bibi ambaye hakuona darasa atashindwa ingawa akili yake ni nzima. Watafiti wa Tanzania na Nigeria, pamoja na wenzao wa Uingereza, walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, na Hai ni moja ya sehemu kilikojaribiwa. Mzee huulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani. Hutaja wanyama wengi awezavyo katika dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kibiriti kwa mfano anaoonyeshwa. Kipimo hiki hakihitaji kalamu wala kusoma, na gharama yake haizidi kiberiti kimoja.

Hata hivyo maswali yaulizwe na mtu anayeijua historia ya mahali. Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi wengi wa bonde na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Mzee wa miaka 80 na kitu leo alikuwa kijana wakati huo. Ugonjwa huu hufuta ya jana kabla ya kufuta ya zamani. Kwa hiyo anapofunga kitambaa chake jioni na kusema anakwenda kwao bondeni, katika nyumba ambayo haipo tena, hajarogwa wala hafanyi ukaidi. Anarudi mahali pa mwisho ambapo kumbukumbu yake bado imesimama. Mwenye kulijua hilo hambishii wala hamcheki. Humshika mkono, humuuliza habari za bondeni, kisha humrudisha ndani taratibu.

Nne, afundishwe vipimo vya kawaida vinavyoweza kupatikana karibu: shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu, malaria, kaswende na virusi vya UKIMWI, pamoja na kuangalia macho na masikio, kwa maana asiyesikia vizuri hudhaniwa hana akili. Ajue pia ni nani wa kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Muhimbili.

Tano, afundishwe dawa za kutotoa. Hakuna dawa inayoponya dimensia. Zipo kama donepezili, zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kipindi, lakini haziuzuii ugonjwa kuendelea. Kosa la kuogopwa ni kumtuliza mzee msumbufu kwa dawa za wagonjwa wa akili kama haloperidoli na klopromazini. Kwa mwenye dimensia dawa hizi huongeza hatari ya kiharusi na kifo, na zisitolewe kwa sababu tu watu wa nyumbani wamechoka.

Tiba kubwa iko nyumbani. Mzee awe na ratiba moja kila siku, apewe kazi anayoiweza kama kuchambua mchele au kusokota kamba, asiachwe peke yake msimu wa mavuno wakati vijana wamehamia madunguni, na njia ya kwenda mtoni izibwe, kwa sababu mto wetu una mamba na maji hayamsubiri mtu. Huko Hai yalijaribiwa pia mazungumzo ya vikundi, vikao 14 kwa majuma saba, ambamo wazee huongea, huimba na kufanya kazi ndogo za mikono pamoja. Walioshiriki walionyesha nafuu. Tukumbuke vilevile anayemwuguza, ambaye kwa kawaida ni binti au mkwe. Naye aulizwe halali vipi, na nduguze wagawane zamu.

Najua litakuja swali: zahanati inayokosa dawa za homa ina nafasi gani ya mambo haya? Jibu langu ni kwamba maswali hayaishi dukani. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutibu maradhi ya akili na ya mishipa ya fahamu, na mwongozo wake wa mwaka 2010 una sehemu ya dimensia. Nchi yetu nayo ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Dirisha la wazee ni jambo jema, lakini linafaa nini ikiwa aliyeketi nyuma yake hajafundishwa maradhi ya wazee?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Vyuo vya matabibu na wauguzi viupe ugonjwa huu masomo ya kutosha, pamoja na mazoezi ya kumpima mzee halisi. Waganga wakuu wa Wilaya za Kibiti na Rufiji waitishe mafunzo ya siku mbili kwa kila mganga mfawidhi, wakianza na wale wa delta ambao rufaa yao ni ya taabu zaidi. Na boti inapopeleka chanjo visiwani, ibebe pia kipimo cha shinikizo la damu na mtu aliyefundishwa, ili wazee wapimwe siku hiyohiyo. Wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo kama shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara na uziwi. Kila shinikizo linalotibiwa leo Nyamisati ni kumbukumbu inayolindwa kesho.

Wazee hawa ndio waliolima bonde hili na kutulea. Wanapoanza kutusahau, wenye wajibu wa kukumbuka ni sisi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi,
Kibiti, Mkoa wa Pwani.