Jinsi Motakaa ya Zamani Inavyofufuliwa

Katika maongezi haya twataka kueleza habari za motakaa ndogo ya Kiingereza iitwayo Austin Seven, na jinsi mafundi wanavyoirudishia uhai baada ya kukaa miaka mingi katika vumbi la banda.

Kwanza yafaa tujue asili yake. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya motakaa kwa kadiri ya nguvu za farasi, pauni moja kwa kila farasi. Na farasi hao hawakupimwa kwa kazi yao hasa, ila kwa upana wa silinda na idadi yake tu. Ni hesabu ya ajabu, lakini ndiyo iliyokuwa sheria, na watu wa kipato kidogo wakatamani motakaa ndogo. Kampuni ya Herbert Austin, huko Longbridge karibu na Birmingham, ilikuwa imezongwa na madeni, na wakurugenzi wenziwe hawakuitaka shauri hiyo. Basi Austin akatoa fedha yake mwenyewe, akamchukua kijana mchora ramani, Stanley Edge, umri wake miaka 18, wakaichora nyumbani kwake. Ikauzwa tangu mwaka 1922 kwa pauni 165, na hata kufika mwaka 1939 zilikwisha kutengenezwa kama 290,000.

Ile ya wazi, yenye turubai la kukunja, huchukua watu wazima wawili mbele na watoto nyuma. Zile za kwanza uzito wake ni ratili kama 800 tu.

Fundi aipatapo moja iliyotupwa, hutazama mwili wake kwanza. Mabati yamepigiliwa juu ya kiunzi cha mbao, na mara nyingi bati ni zima ilihali mbao zimeoza ndani. Hapo hapana hila. Hukatwa mbao mpya kwa kufuata umbo la zile za zamani.

Kazi kubwa imo katika injini. Ina silinda nne, na nafasi yake yote ni sentimita 747 za ujazo. Mafuta ya kulainishia hurushwa kwa vitundu viwili vyembamba, yakaingia katika njia zilizotobolewa ndani ya mhimili uzungukao. Takataka kidogo ikiziba njia hizo, ile madini laini iliyomiminwa penye maungo ya mhimili huyeyuka, na injini imekwisha. Kwa hiyo fundi mwema huzibua kila njia, ajapoambiwa kwamba injini yazunguka vizuri.

Tena mhimili huo, kabla ya mwaka 1936, ulishikwa mahali pawili tu, mwanzo na mwisho. Ukiendeshwa kwa kasi hupindika katikati, na chuma kilichochoka hukatika ghafula. Hapa wapenzi wa motakaa hizi hubishana sana. Wengine husema cha zamani kisipokuwamo, si motakaa ile tena. Wengine hutia mhimili mpya wa chuma kigumu zaidi. Sisi twaona hawa wa pili wana haki, kwani mhimili ukikatika huweza kuvunja injini yote, na kile kilichotakiwa kuhifadhiwa kikapotea.

Juu ya breki hatuoni nafasi ya ubishi. Motakaa za kabla ya mwaka 1930 zilikuwa na breki za mguu kwa magurudumu ya nyuma, na za mkono kwa yale ya mbele, nazo zote huvutwa kwa kamba za chuma zinazolegea upesi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Uingereza haizilazimishi motakaa zilizoundwa kabla ya mwaka 1960 kukaguliwa kila mwaka, maadamu hazikugeuzwa sana. Lakini barabarani hukutana na magari mazito yasimamayo kwa hatua chache. Basi mwenye motakaa ndiye azikazaye kamba zake kabla ya safari, na akisha kuingia barabarani huacha nafasi kubwa mbele yake.