Daktari aliyesafiri kilomita 16,000 kuisaka saratani ya watoto

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi saratani ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa wazee na wa nchi tajiri. Fikra hiyo ilitikiswa mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, pale daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, alipoitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, kumtazama mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini.

Burkitt, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa akifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946. Jicho moja alikuwa amelipoteza akiwa mtoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile, huku na tumbo lake likiwa limevimba. Ndipo alipoanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe huo wa watoto.

Swali lililomsumbua halikuwa namna ya kuukata uvimbe, bali kwa nini ulitokea sehemu fulani na kukosekana nyingine. Alituma picha na maswali kwa hospitali nyingi za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu aliyoyapata aliyaweka kwenye ramani, na ramani hiyo ikaonyesha ukanda unaolikata bara katikati.

Oktoba 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, aliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Walipita Kenya, Tanganyika na kuendelea hadi kusini mwa Afrika. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri maili zipatazo 10,000, sawa na kilomita 16,000, wakizitembelea hospitali zaidi ya 50.

Walichogundua ni kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo ulikuwa nadra katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyoelekea kusini, mpaka huo ulishuka. Kwa hiyo jambo kuu halikuwa mwinuko wenyewe, bali joto na mvua, yaani mazingira yale yale wanayoyahitaji mbu. Hata Zanzibar, penye joto na mvua lakini ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa wakati huo, ugonjwa huo ulikuwa nadra.

Mapema mwaka huo huo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara jijini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye aliomba atumiwe vipande vya uvimbe huo kutoka Kampala. Kimoja kati ya vipande hivyo kilicheleweshwa na ukungu, baada ya ndege kulazimika kutua Manchester. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, lakini seli zilikuwa hai na zikakubali kuoteshwa maabara. Mwaka 1964, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli hizo. Kirusi hicho, kinachoitwa Epstein-Barr, ni cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo, kirusi peke yake hakitoshi. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na huenezwa kwa mate, si kwa mbu. Wataalamu wanaeleza kuwa malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara hudhoofisha ulinzi unaokizuia kirusi hicho, na wakati huo huo huzichochea seli za kinga kuzaliana kwa wingi. Katika kuzaliana huko, vipande vya kromosomu huweza kukatika na kuunganishwa mahali pasipo pake, na seli ikapoteza breki.

Kutokana na ushahidi huo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kirusi hicho kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997. Mwaka 2012 wataalamu wake waliiweka malaria ya maeneo yenye maambukizi makali kwenye kundi la visababishi vinavyoelekea kuthibitika.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki dunia mwaka 1993. Epstein alifariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102.

Kwa mzazi wa leo, somo ni bayana. Chandarua humkinga mtoto na homa, na huenda kikamwepusha na zaidi ya homa. Aidha, uvimbe wa taya unaokua haraka, au meno yanayolegea kabla ya wakati, si jambo la kusubiri wala la kulihusisha na kurogwa. Saratani hii hukua kwa kasi kubwa, lakini ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona iwapo watafikishwa hospitali mapema na kumaliza matibabu.